Dirisha la Bibi, Shangani, Mtwara

*Kikundi: Wajukuu na Watoto wa Bibi*

Jumatatu

Salumu (20:14): Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa. Dirisha la chumbani kwa Bibi limeharibika. Nilikuwa nalifunga jioni, mkono wake wa kufungia ukakatika ukabaki kiganjani.

Salumu (20:15): [picha]

Dada Mwanahawa (20:17): Waaleikum salaam. Na upepo huu wa kusi analalaje?

Salumu (20:18): Nimelifunga kwa kipande cha kanga kwenye nondo. Halifunguki ila linagonga. Ngo, ngo, ngo. Bibi anasema kama mtu anabisha hodi.

Baba Mdogo Mikindani (20:21): Kesho asubuhi nakuja na misumari miwili nilipigilie kwenye fremu, mambo yaishe. Mama apate usingizi.

Mama Mdogo (20:22): Baba Shani, ukilipigilia, ikifika Novemba joto la Mtwara atalipumulia wapi? Chumba kina dirisha hilo hilo moja.

Mjomba Fundi (20:30): Nimefika sasa hivi, niko Nachingwea kwenye kazi ya watu. Mama shikamoo kokote uliko. Shemeji, nakuomba msumari usiguse lile dirisha. Aluminiamu ya fremu ile ni nyembamba na ndani ina uwazi. Msumari utaitoboa na kuikunja, halafu maji ya masika yataingia hapo hapo. Kilichokufa ni mkono peke yake.

Mjomba Fundi (20:31): Salumu, umekatikia wapi? Shingoni, au umeng'oka wote na kitako chake?

Salumu (20:33): Shikamoo mjomba. Shingoni. Kitako bado kiko kwenye dirisha na ule mdomo wake unaokandamiza fremu upo.

Mjomba Fundi (20:35): Marahaba. Basi usiku huu mtalala vizuri. Tafuta plaizi, zungushia kitambaa mdomoni mwake isiteleze, kamata kisiki kilichobaki ukigeuze taratibu mpaka mdomo upande juu ya fremu. Taratibu, kikikatika na hicho tumekosa kila kitu.

Salumu (20:52): Kimegeuka. Limefunga lakini bado linacheza kidogo.

Mjomba Fundi (20:54): Kunja karatasi ngumu, boksi la dawa ya meno linatosha, ipachike kati ya mdomo na fremu.

Salumu (20:59): Limetulia. Sauti hakuna.

Dada Mwanahawa (21:03): Alhamdulillah. Mjomba, kuna fundi aliletwa na jirani jioni, ameangalia dakika mbili akasema mikono ya aina hiyo haitengenezwi tena, libadilishwe dirisha zima, laki tatu na nusu. Nilikuwa nataka kutuma hela.

Mjomba Fundi (21:06): Usitume hata shilingi. Fremu nzima, kioo kizima, bawaba zinafanya kazi, halafu ubomoe ukuta wa mama yangu kwa kitu kinachoenea mfukoni? Mtu anayesema hivyo hajakifungua akakitazama. Mimi siwezi kutoka huku hadi wiki ijayo, lakini kazi hii Salumu anaiweza. Kesho jua likitoka nipigie picha.

Jumanne

Salumu (07:40): [picha] [picha] [picha]

Mjomba Fundi (08:12): Hapo sasa naona. Angalia pale shingo ilipokatika, ndani kuna unga mweupe kama chokaa, na rangi imevimba pembeni. Unaona? Mkono huu ni wa zinki iliyopakwa rangi. Kwenu hapo bahari iko karibu, upepo unaleta chumvi usiku kucha. Rangi ikikwaruzika tu chumvi inaingia na kula taratibu kwa miaka, kwa nje unaona mkono mzima, kumbe ndani umebaki ganda. Kwa hiyo hujauvunja wewe, usijilaumu.

Salumu (08:14): Ahsante mjomba. Bibi aliniambia nina mkono mzito.

Bibi (08:20): [ujumbe wa sauti, 0:19]

Mama Mdogo (08:22): Kwa walio kazini: Bibi anasema amesikia, amemsamehe Salumu, ila mjomba naye ale kwa wakati, Nachingwea asishindie chai.

Mjomba Fundi (08:25): Nimesikia mama. Leo nimepata ugali na kisamvu.

Mjomba Fundi (08:31): Turudi kazini. Kabla hujaenda dukani nataka vitu kadhaa, na usikisie hata kimoja. Naona kitako kimeshikwa na ribiti mbili, zile pini za kubanwa zisizofunguliwa kwa bisibisi. Pima kutoka katikati ya ribiti ya juu hadi katikati ya ya chini, kwa milimita. Halafu kimo cha mdomo: kutoka pale kitako kinapolalia hadi tumbo la mdomo, ile sehemu inayokandamiza fremu. Hicho ndicho watu wanakisahau. Mdomo ukiwa chini mno haupandi juu ya fremu, ukiwa juu mno unafunga lakini dirisha linabaki linacheza, na utasikia tena ngo ngo ya Bibi.

Salumu (08:40): Mdomo wenyewe umelika, una kama bonde katikati.

Mjomba Fundi (08:42): Ndiyo maana lilikuwa linacheza hata baada ya kufunga jana. Basi usipime huo. La sebuleni ni la siku moja na hilo na halifunguliwi sana. Nenda pale, fungua, ingiza sarafu chini ya mdomo moja baada ya nyingine mpaka isiingie nyingine. Toa, zipange, pima rundo kwa rula. Rula haiingii pale, sarafu zinaingia.

Salumu (09:05): Ribiti kwa ribiti milimita 60. Rundo la sarafu milimita 9.

Mjomba Fundi (09:07): Safi kabisa. Na nondo ziko ndani, sivyo? Kutoka kitako hadi nondo pana nafasi gani?

Salumu (09:09): Vidole vitatu.

Mjomba Fundi (09:11): Basi usichukue mkono mrefu wenye tumbo, utagonga nondo kabla haujamaliza kugeuka. Uwe mfupi, umelala bapa. La mwisho ni upande. Mikono hii iko ya kulia na ya kushoto, haibadilishani. Simama ndani ya chumba, dirisha limefungwa, utazame mdomo unaelekea wapi.

Fatuma Naliendele (09:30): Shikamoo mjomba, naomba kudandia. La jikoni kwangu ni yale ya plastiki nyeupe, mkono haujavunjika ila umelegea, unazunguka kama usukani. Nao ninunue mpya?

Mjomba Fundi (09:38): Marahaba Fatu. Usinunue kwanza. Hayo ni ya aina nyingine, mkono una pini ya chuma ya pembe nne inayoingia ndani ya fremu na kuzungusha gia. Dirisha likiwa wazi, ulaze mkono mlalo, halafu kile kifuniko cha kitako kivute kidogo kije kwako ukizungushe robo, utaona skrubu mbili zimejificha chini yake. Zikaze. Mara nyingi ndiyo dawa yenyewe.

Fatuma Naliendele (09:40): Zikikazika na bado?

Mjomba Fundi (09:45): Utoe mkono wote. Kamata pini peke yake kwa plaizi, izungushe huku unatazama pembeni mwa dirisha. Vile vikomeo vikitembea, gia ni nzima, mbovu ni mkono. Visipotembea, ubaya uko ndani kwenye gia, na ungenunua mkono mpya hela ingepotea bure. Ukifika hatua ya kununua, pini ya kawaida ni milimita 7 na skrubu zimeachana 43. Pima pia urefu wa pini, ikiwa fupi haifiki kwenye gia.

Fatuma Naliendele (13:02): Mjomba Mungu akuweke. Zilikuwa skrubu tu. Nimekaza kwa bisibisi ya mwanangu, mkono umekuwa kama mpya. Na mwezi uliopita nilishaambiwa ninunue!

Jumatano

Salumu (15:20): Nimepata, duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko kuu. Elfu saba. Nimepima pale pale dukani, 60 na 9. Mfupi, wa bapa.

Salumu (15:21): [picha]

Mjomba Fundi (15:26): Umbo lenyewe. Salumu, mdomo wa la Bibi si unaelekea kulia? Huu ni wa kushoto.

Salumu (15:29): Mjomba nilimwonyesha muuzaji picha kwenye simu, na kwenye picha unaelekea kushoto.

Mjomba Fundi (15:31): Picha ipi?

Salumu (15:34): Astaghfirullah. Ile niliyopiga nikiwa nje, kupitia kwenye kioo.

Mjomba Fundi (15:36): Basi umegeuzwa. Hujautoboa wala kuukwaruza? Rudi sasa hivi na risiti, muungwana atakubadilishia. Na ukiwa pale chukua skrubu za stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, fupi za nusu inchi, nene kidogo kuliko tundu la ribiti. Za chuma cha kawaida usichukue hata ukipewa bure. Shangani zitaliwa na kutu kabla ya msimu wa korosho.

Salumu (16:25): Amebadilisha bila maneno. Ni mzee mmoja mwenye roho nzuri sana, akaniongezea skrubu mbili za akiba.

Baba Mdogo Mikindani (16:40): Ribiti utazitoaje? Mimi nina drili. Kesho nikitoka kazini nakuja.

Mama Mdogo (16:41): Na misumari ibaki Mikindani.

Baba Mdogo Mikindani (16:43): Misumari inabaki. Nimesoma yote aliyosema shemeji, ana haki.

Alhamisi

Mjomba Fundi (16:50): Mmefika? Shemeji, tumia biti ya milimita nne. Unakula kichwa cha ribiti tu, kichwa kikidondoka unaacha. Zungushia biti utepe milimita chache kutoka nchani, utepe ukigusa mkono simama. Ukipitiliza utatoboa upande wa pili wa fremu na kioo kiko hapo.

Baba Mdogo Mikindani (17:04): Ya juu imetoka vizuri. Ya chini inazunguka pamoja na biti, hailiki.

Mjomba Fundi (17:06): Imelegea. Salumu apenyeze ncha ya bisibisi chini ya kitako akiinue, kitabana kichwa kisizunguke. Na usikandamize drili, iende polepole.

Salumu (17:15): Imetoka! Kitako kimeng'oka. Chini yake kumejaa unga mweupe na mchanga. Mkia wa ribiti moja umedondokea ndani ya fremu, nikitikisa nausikia.

Mjomba Fundi (17:17): Uache, hauna madhara. Sugua huo unga kwa mswaki wa zamani na maji baridi, ufute mpaka pakauke kabisa. Usiweke mkono mpya juu ya chumvi ya zamani. Skrubu zipake grisi kidogo kabla ya kuingiza. Stenlesi na aluminiamu zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, grisi inazitenga. Na mkaze kwa mkono, drili iwekeni chini. Ikigoma kwenda, basi, msiongeze nguvu, bati lile ni jembamba, tundu litapanuka.

Salumu (17:48): [picha] Umekaa mjomba. Unageuka bila kugusa nondo.

Mjomba Fundi (17:50): Mzuri. Bado mtihani. Kata vipande vya karatasi ya daftari vyembamba, funga dirisha juu ya kipande kimoja kimoja, mahali tofauti, uvute.

Salumu (17:58): Karibu na mkono hakitoki, kimechanika. Chini hakitoki. Kona ya juu kinateleza bila shida.

Mjomba Fundi (18:01): Mkono umefanya kazi yake. Kona ya juu ni mpira, umekauka kwa jua, au bawaba ya juu imelegea. Hilo siwezi kulihukumu nikiwa mbali, nikija nitaligusa mwenyewe. Kwa sasa halitagonga.

Dada Mwanahawa (18:05): Salumu umefanya kazi ya mtu mzima. Jumla imeingia ngapi?

Salumu (18:08): Mkono elfu saba, skrubu elfu moja, nauli ya bodaboda elfu mbili. Elfu kumi.

Dada Mwanahawa (18:09): Na mimi nilikuwa natuma laki tatu na nusu. Nakutumia elfu ishirini, kumi yako.

Mjomba Fundi (18:15): Kila mwezi mara moja, Salumu, futa mikono yote ya nyumba hiyo kwa kitambaa cha maji yasiyo na chumvi, ikauke, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye shingo. La sebuleni usilisahau kwa sababu halifunguliwi. Lifungue na ulifunge. Lililokaa kimya ndilo linalogandia.

Ijumaa

Bibi (06:32): [ujumbe wa sauti, 0:41]

Mama Mdogo (06:50): Naandika kama alivyosema mwenyewe: "Watoto wangu, jana nimelala. Upepo ulikuja saa nane nikausikia unapita nje, wala haukubisha hodi. Alfajiri nimelifungua mwenyewe kwa kidole kimoja, hewa ikaingia, nikaswali. Mjomba wenu Mungu ampe afya, na mkwe wangu na drili yake, na huyu mjukuu wangu. Sasa Salumu, kile kipande cha kanga ulichofungia nondo ni cha doti aliyonipa marehemu babu yenu. Nakitaka."

Salumu (06:58): Nimekifua jana jioni Bibi. Kiko kwenye kamba uani, kikikauka nakuletea.