Naomba ushauri: wakala wa nyota wa timu anamtaka mdogo wangu. Je, amwache wakala wake wa zamani?

Kakamkubwa: Wakuu, heshima kwenu. Ninaishi Ohio na mdogo wangu, ambaye amemaliza chuo na anasubiri kambi ya mazoezi ya timu moja ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Nafasi ni finyu, kwani kikosi hubeba wachezaji 15 wenye mikataba ya kawaida na 3 wenye mikataba ya pande mbili, wanaopanda na kushuka kati ya timu kuu na ile ya G League, yaani ligi ya maendeleo. Wakala aliyemlea tangu chuoni hufanya kazi peke yake. Sasa wakala wa nyota wa timu hiyohiyo anasema kwamba dogo akihamia kwake, mkataba wa tatu wa pande mbili utakuwa wake. Je, wakala ana nguvu ya kumwingiza mchezaji kikosini? Sipati usingizi.

Mzee Rebaundi: Nguvu wanayo, ndugu yangu. Mwaka 2015 mchezaji Tristan Thompson alikosa kambi ya Cleveland akidai mkataba mnono, hadi akapewa dola milioni 82 kwa miaka 5. Wakala wake alikuwa Rich Paul, ambaye ndiye wakala wa LeBron James, aliyekuwa nyota wa Cleveland, na wakati huo LeBron alikuwa akisaini mikataba mifupi, kwa hiyo kila kiangazi timu ililazimika kurudi mezani kwa mtu yuleyule. Meneja mkuu gani atamuudhi? Tena wengine huvuka meza kabisa: Rob Pelinka, aliyekuwa wakala wa Kobe Bryant, alikabidhiwa umeneja mkuu wa Lakers mwaka 2017.

Shabiki wa Memphis: Mwaka 2009, Mtanzania Hasheem Thabeet alipochaguliwa na Memphis akiwa wa 2 katika drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, nilikuwa Dar es Salaam na nilikesha kwa furaha. Niliamini kwamba nafasi ya juu namna ile ni kinga ya miaka mingi. Msimu wake wa kwanza haujaisha, akashushwa ligi ya maendeleo. Mwaka 2011 akapelekwa Houston. Tangu hapo siamini kwamba mtu wa nje ya uwanja anaweza kumhakikishia mchezaji dakika za kucheza.

Bi Nuru: Mwanangu, aliyemlea dogo wakati hajulikani asitupwe kama ganda la muwa. Lakini kuna jambo umelificha. Mtu hakosi usingizi kwa kutaka tu kujua nguvu za mawakala. Huyo mpya amewapa nini?

Kakamkubwa: Sawa, mama yangu, nitasema. Mama mzazi alilazwa Kigoma mwezi uliopita, sisi hatukuwa na kitu, na wakala huyo akatuma pesa za matibabu. Alisema ni mkopo. Barua ya kumwacha wakala wa zamani dogo ameshaisaini, ila haijatumwa. Msinihukumu. Wakala wa zamani nilimweleza shida yetu, akasema hawezi kutoa pesa, nami nikaona yeye hatujali. Ningefanya nini, mama afe ili niwe mwaminifu?

Wakili Mstaafu: Pole kwa ugonjwa wa mama. Huenda huyo wa zamani alikataa kwa sababu anaijua sheria. Mawakala hupewa vibali na chama cha wachezaji, NBPA, na kanuni zake zinamkataza wakala kutoa pesa au kitu cha thamani ili kumvuta mchezaji. Barua yenyewe si kosa: mchezaji anaweza kuvunja mkataba wa uwakilishi kwa notisi ya maandishi ya siku 15. Ila tafakari hesabu. Ujira wa wakala hauzidi asilimia 4, na mshahara wa pande mbili ni nusu ya kima cha chini cha mchezaji mpya, kwa hiyo riziki ya mtu huyo iko kwa nyota. Siku timu ikitaka nafasi ya dogo ili kumridhisha nyota, atamtetea nani? Na asiwaahidi kisicho chake: mwaka 2023 wakala wa Damian Lillard, nyota wa Portland, alishikilia kwamba mteja wake ataenda Miami tu, lakini Portland ikampeleka Milwaukee. Ombeni hati ya mkopo, yenye kiasi na tarehe ya kulipa.

Mchambuzi: Naomba radhi, lakini nashuku kisa hiki kimetungwa. Watanzania waliofika kambi za NBA wanahesabika. Angekuwapo kijana wa Kigoma, tungekuwa tunamjua kwa jina na urefu.

Kakamkubwa: Sikusema sisi ni Watanzania. Wazazi wetu walikimbia kutoka Fizi, Kongo, sisi tukazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na hapa Marekani dogo huandikwa Mkongo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mkate wake ndio huo.

Mzee Rebaundi: Mchambuzi, mwache. Kakamkubwa, hati umeiomba?

Kakamkubwa: Nimeiomba asubuhi hii. Amejibu kwamba suala la mkopo tutalizungumza dogo akishasaini. Barua bado iko mezani, na dogo huitazama kila anapopita kwenda mazoezini.