Ini la mbuzi limepauka na linamomonyoka: sumu ya nyanya?

Mfugaji_Ilula
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tulichinja beberu wa nyumbani. Kupasua tumbo, ini limevimba, limepauka manjano, ukilibana kwa vidole linamomonyoka. Figo nazo zimepoteza rangi. Hakuwa mgonjwa wa kulala chini, alikonda tu na manyoya kusimama. Mbuzi wangu wanakula majani na nyanya mbovu za shamba la jirani, na masika jirani hapumziki kupuliza: leo profenofos ya wadudu, keshokutwa mancozeb ya ukungu, ukimuuliza anasema mvua imeosha. Je, sumu ya kidogo kidogo inaweza kuharibu ini bila mnyama kuanguka? Ini tumefukia, nyama tumekula.

Kisu_Kikali
Minyoo ya ini hiyo mkuu. Mpe dawa waliobaki, acha kugombana na jirani.

Daktari_wa_Ng'ombe
Kisu, minyoo ya ini ikikaa muda huacha alama: mirija ya nyongo inanenepa na kuwa migumu. Mfugaji, uliliona hilo? Halafu hukutaja pumba. Pumba zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, nayo huharibu ini kwa sura hiyohiyo uliyoieleza. Kwa macho peke yake hata mimi siapi.

Lakini swali lako, jibu ni ndiyo. Profenofos iko kundi la organofosfeti, viuadudu vinavyoshambulia neva. Mnyama akiipata nyingi kwa mara moja anatokwa mate, anatetemeka, anaharisha, mboni zinasinyaa, na hapo tunakimbilia atropini, dawa ya kuipinga sumu hiyo. Akiipata kidogo kidogo huenda usione lolote kati ya hayo, ila ini ndilo lenye kazi ya kuivunja kila siku. Nyingine za kundi hilo, klorpirifosi kwa mfano, zinakuwa kali zaidi zikishafika humo kwenye ini. Panya wa maabara waliolishwa klorpirifosi kwa wiki kadhaa, ukiwatazama kwa hadubini unakuta seli za ini zimeharibika na nyingine zimekufa, mirija midogo ya figo imechakaa, na madume mbegu zimepungua. Hilo la mbegu wafugaji hawaliulizi kabisa! Beberu anapanda, majike hayashiki, lawama wanabeba majike.

Mancozeb ikivunjika hutoa kemikali inayosumbua tezi ya shingo, yaani thairoidi.

Zinazong'ang'ania muda mrefu ni kundi lingine, organoklorini: DDT, na toksafini iliyotumika zamani kwenye majosho. Hizo hujificha kwenye mafuta na kutoka na maziwa. Za jirani yako si za aina hiyo, ukiacha kulisha mwili unazitoa.

Mfugaji_Ilula
Mirija sikuangalia, Daktari. Pumba nawapa, za mashineni, na gunia la chini lilinyeshewa. Kuna jike ana mimba, naye amekonda. Akifa nipeleke nini, na wapi?

Daktari_wa_Ng'ombe
Usingoje afe. Mwite afisa mifugo achukue damu, kolinesterasi (kimeng'enya ambacho organofosfeti hukizuia) na vimeng'enya vya ini vinapimika akiwa hai. Kinyesi nacho kipimwe mayai ya minyoo, Kisu asije akatucheka.

Ukichinja mwingine, kata kipande chembamba cha ini na cha figo, tumbukiza kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia nyama isioze) ya asilimia 10, iwe nyingi mara kumi ya nyama yenyewe. Hicho ni cha hadubini. Vipande vingine, pamoja na mafuta na vilivyomo tumboni, gandisha bila kutia chochote, maana formalini inavuruga kipimo cha kemikali. Anzia Wakala ya Maabara ya Veterinari hapo Iringa. Nenda na picha za lebo za dawa za jirani, la sivyo maabara watatafuta gizani.

Majani ya nyanya acha leo. Gunia lililonyeshewa mwaga lote, na kuku wasiliguse.

Kisu_Kikali
Na nyama waliyokula?

Daktari_wa_Ng'ombe
Kulifukia ini walifanya vyema, ndiko sumu nyingi hupita. Kuchemsha sana hakuiondoi yote. Aliyekula akijisikia vibaya aende zahanati na ataje dawa kwa jina. Waliobaki wasichinjwe wala kukamuliwa hadi majibu yarudi.