Kijiji kinataka kuwarudisha askari wastaafu kwa zamu chache (jimbo la New York): pensheni yao itaguswa?

Karani_wa_Bodi
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua sheria za pensheni za New York. Kwa walio nyumbani: "kijiji" huku ni mamlaka kamili yenye meya, bodi na polisi wake. Chetu kina mkuu wa polisi na askari watatu wa kudumu, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi hauna mtu. Bodi inataka wastaafu wawili, dola 28 kwa saa, kila mmoja zamu mbili za saa 10 kwa wiki. Wa kwanza ana miaka 48, alistaafu polisi ya kaunti miaka mitatu iliyopita baada ya utumishi wa miaka 20. Wa pili ni sajenti wetu mwenyewe, miaka 52, anayetaka kustaafu Ijumaa na kurudi Jumatatu kama askari wa muda. Je, kuna kikomo cha saa? Na tukiwalipa kama wakandarasi, tunakwepa usumbufu wote huu?

Mzee_wa_Kanuni
Karani, kwanza ondoa neno "saa" kichwani. New York haihesabu saa, inahesabu dola. Sheria ya kustaafu na hifadhi ya jamii ya jimbo, kifungu cha 212, inamruhusu mstaafu aliye chini ya miaka 65 kupata hadi dola 35,000 kwa mwaka kutoka kwa mwajiri wa umma ndani ya jimbo bila kuomba kibali kwa yeyote. Kabla ya 2020 ilikuwa 30,000, na bado kuna watu wanaotembea na namba hiyo ya zamani. Mwaka ni wa kalenda, Januari hadi Desemba, si mwaka wa bajeti wa kijiji. Kuanzia mwaka anaotimiza miaka 65 kikomo hicho huondoka.

Kazi ya serikali kuu ya Marekani, ya kampuni binafsi au ya jimbo jingine haihesabiwi. Ndiyo maana mstaafu wa New York anaweza kuvuka mpaka akafanya kazi ya polisi Pennsylvania au Vermont bila kuguswa na kifungu hiki.

Akipita kikomo ana njia mbili. Ama anarudisha pensheni yote aliyopokea tangu siku alipovuka na, akiendelea na kazi, pensheni inasimamishwa hadi mwaka uishe. Ama anajiunga upya na mfuko wa pensheni wa jimbo na pensheni inakoma. Hebu fikiria mtu wa pensheni ya dola 3,500 kwa mwezi anayevuka mwanzoni mwa Novemba kwa ovataimu ya dola mia tatu. Anapoteza karibu 7,000. Hilo ni jambo la kumwonea mtu uchungu, na mara nyingi kosa si lake, ni la aliyepanga zamu.

Mkitaka kumlipa zaidi ya hapo kuna kifungu cha 211. Mwombaji ni kijiji, si mstaafu. Mnaeleza kwa nini anahitajika, kwamba anaimudu kazi kiafya na kitaaluma, na kwamba hakuna mwingine mwenye sifa anayepatikana kwa urahisi. Maombi hupita kwenye tume ya utumishi wa umma inayohusika. Kibali huwa cha muda usiozidi miaka miwili. Kipateni kabla ya zamu ya kwanza.

Binti_Hesabu
Naongezea hesabu, maana ndipo vijiji vinapoteleza. Saa 20 mara wiki 52 ni saa 1,040. Mara dola 28 ni 29,120. Zimebaki 5,880. Ukimlipa ovataimu kwa mara moja na nusu, yaani dola 42, hizo ni saa 140 tu kwa mwaka mzima, na ndani yake mnataka kuingiza kwenda mahakamani kutoa ushahidi, mafunzo ya silaha, gwaride la Julai 4, dhoruba ya theluji na askari wa kudumu aliyeugua. Zinaisha haraka kuliko unavyodhani.

Kosa ninalolipigia kelele sana ni la Desemba. Kinachohesabiwa ni pesa iliyofanyiwa kazi ndani ya mwaka, hata kama hundi imetoka Januari. Karani anayesoma fomu ya W-2 (taarifa ya mshahara wa mwaka kwa ajili ya kodi) peke yake ataona 34,600 na kupumua, kumbe wiki mbili za mwisho wa Desemba zimeingia kwenye W-2 ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo weka jedwali lako pembeni, safu nne: tarehe ya zamu, saa, malipo, jumla hadi leo. Jumla ikifika 28,000 mpe nakala mkuu wa polisi na mstaafu mwenyewe. Ikifika 33,000 acha kumpangia chochote kisicho cha lazima. Ulinzi wa barabara unaolipiwa na mkandarasi wa ujenzi lakini ukapita kwenye malipo ya mishahara ya kijiji, nao uhesabu.

Muulizeni pia kama anafanya kazi kwa mwajiri mwingine wa umma. Dola 35,000 ni za mtu, si za kila mwajiri. Akilinda mlango wa shule ya umma mchana na kwenu usiku, vyote vinajumlishwa.

Halafu ukandarasi: hapana. Anavaa sare yenu, anafuata ratiba yenu, anakamata watu kwa mamlaka mliyompa nyinyi kwa uteuzi. Huyo ni mwajiriwa, uite utakavyo, na kumwandikia fomu ya mkandarasi hakuitoi pesa hiyo kwenye kikomo.

Mzee_wa_Kanuni
Umesema kweli kabisa, dada. Sasa huyu sajenti ndiye anayenitia wasiwasi. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, kwa kawaida mfuko wa serikali haupaswi kumlipa pensheni mtu wa chini ya miaka 59 na nusu ambaye hajaacha kazi kweli. Yeye ana 52. Kama kabla ya kustaafu mmeshakubaliana arudi Jumatatu, hata kwa mdomo kwenye korido, hapo hajaacha kazi, amebadilisha ratiba. Msiandike barua ya ahadi, msimpangie zamu kabla hajaondoka, bodi isipitishe uteuzi wake kwenye kikao kilekile kinachopokea barua yake ya kustaafu. Aondoke, arudishe bunduki na beji, na kabla ya mazungumzo yoyote ya kurudi aandikie mfuko na apate jibu la maandishi.

Msichanganye na kikokotoo cha nyumbani Tanzania (hesabu ya mafao) pia. Hapa hasubiri mkupuo. Anastaafu na malipo ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Kinachowekwa rehani kwa haraka ya Jumatatu moja ni hicho.

Na kama yeyote kati yao anapokea pensheni ya ulemavu, sahau yote tuliyosema: masharti ni mengine, asiguse zamu bila jibu la mfuko.

Zamu_ya_Usiku
Kuna mambo mawili hayajaguswa. La kwanza, leo mna watu wanne. Sheria ya kazi ya Marekani inasamehe ovataimu kwa kikosi cha polisi chenye waajiriwa chini ya watano ndani ya wiki husika, na wa muda nao wanahesabiwa. Sajenti akitoka na wastaafu wawili wakiingia, mko watano. Msamaha umeondoka kwa kila mmoja, pamoja na wale wa kudumu. Mnaweza kuchagua kipindi cha kazi cha siku 28, ambapo ovataimu kwa askari huanza baada ya saa 171, lakini lazima bodi ikiweke mapema, si baada ya mtu kudai.

La pili ni cheti, na hapa mna haraka kuliko kwenye pensheni. Aliyetumikia miaka miwili au zaidi mfululizo, cheti chake cha mafunzo ya msingi hubaki hai miaka minne baada ya kuacha. Huyu wa kaunti ameshatumia mitatu. Akipita minne kabla ya kumi atahitaji kozi ya kujinoa upya kabla ya kuvaa sare. Akipita kumi anaanza mafunzo ya msingi kama kijana. Angalieni tarehe halisi aliyoacha kazi, si mwaka tu, halafu mteueni na kumsajili kwenye daftari la askari la idara ya haki ya jinai ya jimbo kabla ya tarehe hiyo.

Karani_wa_Bodi
Asanteni sana. Nimeangalia: aliacha kazi Machi 31, kwa hiyo mwisho ni Machi ijayo. Kikao cha bodi ni wiki ijayo. Jina lake naliingiza kwenye ajenda peke yake. La sajenti nimeliondoa.

Binti_Hesabu
Vizuri. Mkimwanzisha katikati ya mwaka, kikomo cha 35,000 hakigawanywi kwa miezi. Ni kizima kwa mwaka huo. Ila muulize kama alishapata chochote kwa mwajiri wa umma tangu Januari, na uanze jedwali na kiasi hicho kwenye mstari wa kwanza.