Tupeane uzoefu: usiku wa kusubiri matokeo ya uchaguzi kwenye TV ulikukuta wapi?

Mzee wa Kibanda (Mtwara mjini)

Wakuu, salaam. Juzi nasafisha stoo nikakutana na ubao wangu wa zamani. Kwa mbali bado unasomeka: "LEO MAN U v CITY SAA 11, 500/=". Chini yake, kwa chaki nyingine: "MATOKEO YA UCHAGUZI LAIVU, 300/=". Nikacheka peke yangu, nikaona niwaite.

Yangu ni ya 2015. Nilikuwa na kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira, maeneo ya Chuno, mabenchi sita, TV ya kichogo, king'amuzi kimoja. Jumapili ile ya tarehe 25 Oktoba vituo vya kura vilifungwa saa 10 jioni, na saa 11 kulikuwa na mechi. Watu walitoka kupiga kura wakaja kwangu moja kwa moja, vidole vina wino. Mpira ukaisha 0-0, mechi ya hovyo kabisa, lakini hakunyanyuka mtu. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Weka stesheni ya matokeo, hatutoki hapa mpaka tumjue rais." Nikawatoza mia tatu mia tatu, nikijua ikifika saa 6 usiku biashara imeisha.

Iliisha Alhamisi.

Usiku ule TV ilikuwa na mtangazaji aliyesimama nje ya shule, wachambuzi wawili kwenye viti, na maandishi yanayopita chini: kituo fulani, huyu kura 112, yule 87. Kila namba ikipita kibanda kinalipuka kama goli. Benchi hili linashangilia, dakika mbili baadaye benchi lile. Na mimi na chaki yangu ubaoni, najumlisha kama nimeajiriwa na Tume ya Uchaguzi. Saa 8 usiku ubao umejaa, nikapiga hesabu: kura zote nilizoandika hazikufika elfu tano. Nchi nzima walipiga watu zaidi ya milioni 15. Nikaweka chaki chini.

Jumatatu Jaji Lubuva, mwenyekiti wa Tume, akaanza kusoma majimbo, machache machache, na katika yale ya mwanzo kabisa limo Lulindi, la huku kwetu Masasi. Kelele zake! Watu ambao Lulindi hawajawahi kukanyaga wakajiona wao ndio wamefungua dimba. Siku ya tatu kifurushi kikakata. Nikapitisha kofia, wakagoma: "Tulishalipa 300 ya matokeo, matokeo hujatupa." Ikabidi nilipie mfukoni mwangu. Tarehe 29 Magufuli anatangazwa kwa asilimia 58.46, Lowassa ana 39.97, kibandani tulikuwa watu wanne, na mmoja amelala.

Haya, tiririkeni.

Mwalimu Mstaafu (Tandahimba)

Umenichekesha na huo ubao. Ngoja nikupe upande wa nyuma wa hiyo TV, maana mimi nilikuwa ndani ya chumba.

Mwaka 2010 nilikuwa msimamizi wa kituo, darasa la tatu katika shule ya msingi ya kijijini, sitaitaja. Saa 10 tunafunga mlango. Tunakata lakiri ya sanduku mbele ya mawakala wa vyama, tunamwaga kura za rais kwenye madawati yaliyounganishwa. Nachukua moja, naikunjua, nainua juu, naizungusha kila wakala aione, naita jina. Karani anachora mistari, minne na wa tano unaikata. Kura moja mtu kaweka alama yake nusu huku nusu kule. Hiyo moja ilitula dakika ishirini. Wakala mmoja anaipima kwa rula, wallahi, kwa rula ya mwanafunzi, eti wino umelalia zaidi upande wao.

Ukimaliza za rais unaanza za ubunge, kisha za udiwani. Na huko kwenye udiwani ndiko kwenye vita, kwa sababu rais yuko mbali ila diwani ni shemeji wa mtu aliyemo humo ndani. Tulimaliza saa 5 usiku. Nikajaza fomu, 21A ya rais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani, mawakala wakasaini, kila mmoja akapewa nakala yake. Nakala nyingine ni ya kubandika nje ili kila mtu asome. Hapo nikagundua gundi nimeisahau nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa anatupikia akanipa uji wa muhogo, mzito, nikaipaka 21A nikaibandika mlangoni ikakaa vizuri sana.

Halafu tukakaa kusubiri gari. Lori linazunguka kijiji kwa kijiji likikusanya masanduku, na mchanga wa huku mnaujua. Mgambo kalala juu ya dawati. Mimi na redio yangu ndogo sikioni, na mtangazaji anasema, "Zoezi la kuhesabu kura bado linaendelea katika maeneo mbalimbali nchini." Nikaangalia lile sanduku. Haziendelei kuhesabiwa, ndugu zangu! Zimehesabiwa, zimesainiwa, zimelala kwenye bahasha zinasubiri lori. Lori lilifika saa 10 alfajiri. Kutoka hapo ni kwenye majumuisho ya jimbo, huko nako ni fomu moja moja, ikikosewa jumla mnarudia, ndipo iende Dar es Salaam. Kura tumepiga tarehe 31 Oktoba, Kikwete katangazwa tarehe 5 Novemba, asilimia 61.17. Watu mtaani wanasema siku zote hizo walikuwa wanafanya nini. Mimi yangu ilinichukua saa saba tu. Zilizobaki ni barabara na kujumlisha.

Ila sikumaliza. Asubuhi naondoka kijijini nikakuta mbuzi ameinua miguu ya mbele mlangoni, 21A imebaki kona moja ya juu. Alifuata uji.

Chipukizi wa Ligula

Mwalimu shikamoo. Sasa huyo mbuzi alimpigia nani?

Mwalimu Mstaafu (Tandahimba)

Marahaba. Kura ni siri.

Mama Zai (Mikindani)

Mimi sina cha kibanda wala sanduku. Yangu ni ya Marekani 2020, na ilitaka kuvunja nyumba.

Uchaguzi wetu ulikuwa Jumatano tarehe 28 Oktoba na Ijumaa ukawa umetangazwa, kwa hiyo Baba Zai alikuwa ameshazoea mambo ya siku mbili. Wiki iliyofuata Wamarekani wanapiga. Sisi tuko mbele ya New York kwa saa nane mwezi huo, maana yake wao wakifika saa 5 usiku sisi ni saa 1 asubuhi, watoto wanaenda shule. Mume wangu aliamka alfajiri, akakaa na kikombe cha chai, na ramani ile inabadilika rangi. Kufika adhuhuri ananiambia kwa sauti ya mtu aliyetoka huko: "Trump kashapita. Pennsylvania anaongoza kwa zaidi ya laki sita. Laki sita hazirudi."

Nikamwambia subiri. Nilikuwa nimesikia redioni mchana wake kwamba mwaka ule wa korona watu wengi walipiga kura kwa posta, na pale Pennsylvania sheria hairuhusu kuzifungua bahasha kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi. Kwa hiyo zinazotangulia kuonekana ni za waliokwenda kituoni, na wengi wa hao walikuwa wa Trump. Za posta, nyingi za Biden, zinafunguliwa polepole nyuma. Sikusema mimi ni mtaalamu. Nilisema subiri. Akanijibu, "Wewe shona vitambaa vyako." Tukawekeana kilo tano za korosho zilizobanguliwa. Mnajua bei yake.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Zile laki sita zinayeyuka kama barafu ya samaki ikianikwa juani. Jumamosi tarehe 7, saa 1 na nusu hivi usiku, nakaanga samaki, nasikia TV inapiga tarumbeta zao zile za habari kubwa: Biden. Tena hapo hesabu ilikuwa bado inaendelea. Kule hakuna tume moja ya taifa inayosimama na kutangaza usiku ule. Kila jimbo lina hesabu yake, na wanaosema fulani kashinda ni vyombo vya habari vyenyewe, kwa makadirio, kwamba zilizobaki haziwezi kugeuza. Mwishowe Pennsylvania Biden alishinda kwa kama kura elfu themanini.

Baba Zai akaja na hoja mpya: "TV zimempa ushindi, siyo kura." Nikamkumbusha kwamba na TV hukosea. Mwaka 2000 pale Florida walimpa Gore, wakamnyang'anya, wakampa Bush usiku uleule, wakamnyang'anya na yeye, na kesi ikaisha Desemba mahakamani. Akanyamaza. Korosho nilipewa kilo mbili. Tatu mpaka leo.

Mtu wa Nachingwea

Mama Zai hiyo ya laki sita imenikumbusha Kenya 2022. Chuoni tulikuwa na TV ya bwalo na simu zetu. Tume yao iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais, za vituo vyote mtandaoni, vituo elfu arobaini na sita na ushee, kila anayetaka apakue ajumlishe mwenyewe. Basi kila kituo cha TV cha Nairobi kikaajiri vijana wakajumlisha. Ukiweka stesheni hii Ruto yuko mbele, hii Raila, saa ileile! Bwalo likagawanyika. Mmoja anasema hawa wamehongwa, mwingine anasema wale. Kumbe fomu ni zilezile, ila huyu kaanza na za Bonde la Ufa, yule kaanza na za Nyanza. Baada ya siku mbili tatu TV zikaacha kuhesabu kabisa, moja baada ya nyingine. Alitangazwa Ruto tarehe 15 Agosti, siku ya sita baada ya kura, 50.49 kwa 48.85. Mpishi wa bwalo alikuwa ameshachoka na sisi tangu siku ya pili.

Babu wa Masasi

Wajukuu, nyie mna TV. Sisi 1995, vyama vingi kwa mara ya kwanza, huku kusini TV ilikuwa ni hadithi. Tulikuwa na Redio Tanzania na betri za kuanika juani. Na mgombea ni wetu, Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo. Basi fikiri hali ilivyokuwa. Uraka, pombe ya mabibo, umeiva, mabibo yamejaa, watu wamekaa chini ya mkorosho wamenizunguka mimi na redio. Sauti ya Jaji Makame, mwenyekiti wa Tume wakati ule, naikumbuka mpaka kesho, haina haraka hata kidogo.

Tulipiga tarehe 29 Oktoba. Dar es Salaam ikavurugika, ikafutwa, wakarudia tarehe 19 Novemba. Wiki tatu! Betri nilinunua mara mbili, za pili kwa mkopo wa korosho. Mkapa akaapishwa tarehe 23 Novemba. Siku hiyo betri zilikuwa zimekufa kabisa, habari nilipewa na mtu wa baiskeli.

Kilwa Masoko

Babu tumerudi kwako. 2025 intaneti ilizimika siku ileile ya kura, tarehe 29 Oktoba. Nyumbani mtu mmoja alitoa redio ya marehemu baba kabatini. Betri tulianika.

Chipukizi wa Ligula

Mzee wa Kibanda, kwa nini hukufunga banda Jumapili usiku ukafungua Alhamisi?

Mzee wa Kibanda (Mtwara mjini)

Mdogo wangu, ungeniambia 2015. Nilidhani ni kama mpira, kwamba kila namba inayopita ndiyo inatokea sasa hivi. Kumbe kama alivyosema Mwalimu, goli lilishafungwa jana yake Tandahimba, mimi nashangilia lori.

Boda wa Magomeni

Nimesoma wote, nimefika mwisho. Mzee wa Kibanda, yule kijana wa bodaboda ni mimi. Nilikupa 500 ukasema chenji ya 200 utanipa matokeo yakitoka.