Samaki wanaopitwa na wateja: nianze na yupi?

nusukilo anauliza:

Habari za humu jamani. Mimi ni mtu wa samaki wale wale: changu, kolekole, nguru akipatikana. Nimewachoka, na tena hao ndio wanaopanda bei kila uchao. Nikienda kununua naona pembeni wamelazwa wengine ambao wateja wanawapita bila hata kuuliza: mabawa ya taa, mkunga, hongwe na masharubu yake, kikande mwenye ngozi ngumu na meno yaliyotokeza, puju. Nikimuuliza muuzaji "huyu vipi?" ananijibu "mtamu huyo, chukua". Kwake hakuna samaki asiye mtamu. Nataka mtu asiyeniuzia kitu aniambie yupi anamfaa anayeanza, yupi ana kazi, na yupi nisimguse kabisa. Vifaa vyangu ni kisu, sufuria na kikaango. Nyumbani kuna watoto wanaoogopa miba.

bibi_sufuria amejibu:

Anza na mkundaji, mwanangu, usijitese. Ndiye yule mwenye ndevu mbili kidevuni, mara nyingi mwekundu. Magamba yanatoka kwa kidole, nyama laini, dakika chache kwenye kikaango ameiva. Watu humwacha kwa sababu ni mdogo. Warumi wa kale walimlipia ndugu yake huyu fedha nyingi sana, kwa hiyo udogo si hoja. Hayo ya kikande na hongwe waachie wenye mikono migumu.

Mparasamaki amejibu:

Bibi shikamoo. Mkundaji sawa, ila mwenzetu ameuliza habari za wale wa pembeni, tusimkimbize.

nusukilo, ukimuuliza muuzaji kama samaki ni mtamu utajibiwa hivyo hivyo siku zote. Uliza kwa nini watu wanamkimbia. Kazi yangu ni kupara samaki wa watu, nimezeekea kwenye hiyo meza, na sababu ninazozisikia ni zile zile: sura, usumbufu wa kumsafisha, harufu, miba, sumu. Zote zina dawa, ila hiyo ya mwisho si kila mara.

Hongwe anakimbiwa kwa sura na kwa miiba. Ana mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, yenye meno na sumu. Kabla ya kitu chochote kingine, ikate kwa koleo. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, maana joto huidhoofisha sumu ile, halafu ukaangaliwe kama ncha haikubaki ndani. Baada ya hapo hana neno: hana magamba, ana mfupa mkubwa wa katikati, nyama inakubali mchuzi mkali. Ukimfungua mdomo ukakuta mayai ya ukubwa wa gololi, usidhani amekula kitu. Huyo ni baba. Dume la hongwe huyalea mayai mdomoni, na muda wote huo halili.

Kikande ndiye ninayempigia debe, na ndiye anayeogopwa bure. Mwiba wake wa kwanza wa mgongoni ukisimama haulali, usukume utakavyo. Bonyeza ule mdogo ulio nyuma yake, wa kwanza unalala wenyewe. Akiwa hai huo ndio ufunguo wake: anaingia kwenye tundu la mwamba, anausimamisha mwiba, na hakuna wa kumtoa. Sasa ngozi. Usihangaike na magamba, utaua kisu. Toboa nyuma ya kichwa kwa ncha, ingiza kisu chini ya ngozi, makali yaangalie juu, ukate kutoka ndani kwenda nje, kufuata mgongo mpaka mkiani, kisha ufuate tumbo. Ukikata kutoka nje makali yanaisha kabla hujafika katikati. Shika ncha ya ngozi kwa kitambaa kikavu uvute kuelekea mkiani. Inabanduka nzima. Nyama iliyobaki ni nyeupe, imara, haivurugiki kwenye sufuria hata ukikoroga hovyo. Wapo wanaolipia chewa bei kubwa kutafuta nyama ya namna hii hii.

Puju ana wembe: vile vibamba vya mfupa kwenye shina la mkia. Usimshike mkia kwa mkono mtupu, hata akiwa amekufa. Shida yake nyingine ni matumbo. Anakula mwani, na akikaa na matumbo yake nyama inavuta ile harufu. Mnunue aliyepasuliwa mapema, au asiyepasuliwa lakini macho bado yanang'aa na tumbo halijalegea. Vinginevyo mpite.

Taa ni suala la harufu tu. Yeye na papa wana urea, kemikali ile ile ya kwenye mkojo, kwenye damu na nyama, ndivyo wanavyoishi na chumvi ya bahari. Akishakufa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia. Kwa hiyo pua yako ndiyo kipimo: bawa linalonuka kama choo halikuumbwa hivyo, limecheleweshwa. Lililo zuri halinuki hivyo. Loweka kidogo kwenye maji yenye ndimu au siki, mwaga, pika. Ngozi ikikushinda, limwagie maji yaliyochemka kwa muda mfupi kisha uikwangue.

Mkunga, chukua sehemu ya mbele. Kuelekea mkiani miba midogo inazidi na utajuta. Damu yake mbichi ina sumu ila moto unaimaliza, basi nawa mikono, usijipanguse macho, na umwivishe sawasawa. Lakini mkunga mkubwa wa kwenye matumbawe mwache alipo. Humo kuna sumu nyingine, siguatera, inayoanzia kwa vijimea vidogo sana vya kwenye miamba. Samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, sumu inajilimbikiza. Haina ladha wala harufu, na haiondoki kwa kupika, kugandisha wala kukausha. Ndiyo maana samaki mla wenzake aliye mkubwa kupita kiasi kutoka kwenye matumbawe simshauri mtu, hata kama ni chewa mwenye jina.

Na bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, usimguse. Sitaki kusikia habari za fulani anayejua kumsafisha. Sumu yake haivunjwi na moto na haina dawa ya kuizima. Hospitali watakusaidia kupumua mpaka iishe, ukifika. Mwaka 1975 huko Kyoto, mwigizaji mashuhuri wa kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani), Bandō Mitsugorō wa 8, alikula maini ya bunju mkahawani na akafa. Hiyo ni Japani, ambako wapishi wa bunju husomea kazi na kupewa leseni.

Jodari_Mkavu amejibu:

Mparasamaki kamaliza, naongeza wawili tu.

Kwanza, ukiona minofu myeupe, yenye mafuta, bei rahisi, na muuzaji anaiita jina lolote linalomjia, uliza kama ni ya samaki aitwaye eskola. Ni mtamu kweli. Ila mafuta yake ni aina ya nta ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyeyusha, yanatoka yalivyoingia, bila kukuomba ruhusa. Japani na Italia zimepiga marufuku kuuzwa kwake. Anayemla hula kipande kidogo, na hapangi safari kesho yake.

Pili, tunawaogopa wageni tukasahau wenyeji. Vibua na jodari waliokaa juani hutengeneza histamini, kemikali inayoweza kukudhuru. Ukionja ukahisi ulimi unawasha na hukutia pilipili, tema. Kumpika upya hakusaidii. Taa wa kwenye barafu ni salama kuliko jodari wa juani.

kina_kirefu amejibu:

Naomba nipinge kidogo. Kila mara watu wanasema "kula wasiopendwa, utaokoa wanaopendwa". Si lazima iwe hivyo. Kuna samaki wa kina kirefu anayeitwa orange roughy, zamani hakuna aliyemjali. Alipoanza kuvuliwa kwa wingi New Zealand, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, akapata soko nje, akavuliwa mpaka makundi mengine yakaporomoka. Samaki huyo anaweza kuishi zaidi ya miaka 100 na huchelewa sana kuzaa. Taa na papa nao huzaa polepole. Hivyo mimi taa simli kila wiki. Hata pono, ambaye hakutajwa hapa, huwa namwacha: anatafuna mwani kwenye matumbawe na kuyaacha safi, na Belize iliona sababu ya kupiga marufuku kumvua mwaka 2009. Tena nyama yake laini mno, inaharibika upesi.

Mparasamaki amejibu:

kina_kirefu, kwenye taa nakubaliana nawe. Kwenye pono pia, ingawa mimi sababu yangu ni hiyo ya nyama kulegea. Kikande siwezi kukuachia.

nusukilo amejibu:

Asanteni sana. Bibi, mkundaji ndiye wa wiki hii. Mparasamaki, kikande nitamjaribu siku nikiwa peke yangu jikoni nisitazamwe. Swali la mwisho: kwa watoto wa miba, nani hapo juu? Na mwatiko je? Nimeambiwa ni mtamu ila miba yake haina mwisho.

Mparasamaki amejibu:

Watoto wape taa. Hana mfupa, ana gegedu. Ukishalichemsha bawa, nyama inachambuka kwa uma kama nyuzi na gegedu linabaki zima sahanini, hakuna kinachojificha. Kina_kirefu atusamehe, mara moja moja.

Mwatiko ana miba myembamba iliyojipachika ndani ya nyama, kuichomoa ni kazi ya siku. Njia ya mkato: laza ubavu, upige mikato ya karibu karibu kutoka mgongoni kwenda tumboni, ishuke mpaka iguse uti bila kuukata. Utasikia kisu kinakatakata, "krr, krr". Endelea. Paka chumvi, kaanga kwenye mafuta mengi ya moto mpaka akauke vizuri. Vile vipande vya miba vinakuwa vya kutafunwa. Ukimchemsha badala ya kumkaanga, mikato yote haisaidii kitu. Watoto wadogo kabisa usiwape, hata hivyo.

bibi_sufuria amejibu:

Na mkundaji muoshe kwa maji ya baridi, si ya moto, ngozi itabanduka.