Fasihi ya Renesansi kidato cha sita: nianzie wapi?

Mwalimu wa Kinondoni aliuliza:

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha sita katika shule moja ya hapa Dar es Salaam inayofuata mtaala wa nje. Kuanzia mwezi ujao nina wiki nane za kuwapitisha wanafunzi 24 katika tamthilia mbili, *Doctor Faustus* ya Marlowe na *Hamlet* ya Shakespeare, pamoja na fikra za zama zilizozizaa, yaani Renesansi, pale wasomi wa Ulaya walipoyarudia maandishi ya kale ya Wagiriki na Warumi.

Mwaka jana nilianza kama nilivyoanziwa mimi. Wiki mbili za kwanza nilisimama ubaoni nikieleza kuanguka kwa Konstantinopoli mwaka 1453, mashine ya chapa ya Gutenberg, ukoo wa Medici wa Florence na kitabu cha mwanafalaki Copernicus cha mwaka 1543 kuhusu dunia kulizunguka jua, na wanafunzi wakanakili kila neno. Matunda yake niliyaona kwenye mtihani wa majaribio. Swali liliuliza Hamlet anamwonaje mwanadamu, na zaidi ya nusu ya darasa walijaza ukurasa mzima wa Konstantinopoli kabla ya kugusa hata mstari mmoja wa tamthilia. Mmoja aliandika kwamba Hamlet alikuwa na huzuni kwa sababu ya Copernicus. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba maneno hayo, au yaliyokaribiana nayo, niliyasema mimi mwenyewe.

Naomba kujua wenzangu mnaziunganishaje fikra na matini bila historia kuimeza fasihi. La pili ni dogo: ninapoeleza kwa Kiswahili nimekuwa nikisema "Zama za Mwamko", na wale wasomi wake, mahumanisti, nimekuwa nikiwaita "watu wa utu". Je, nimepatia?

Mstaafu wa Moshi alijibu:

Mwalimu, kosa hilo tumelifanya wengi, na mimi nililifanya kwa miaka mingi kuliko wewe. Kilichonitoa huko ni kutambua kwamba, kwa mwalimu wa fasihi, Renesansi ni namna ya kusoma kabla haijawa orodha ya matukio. Wasomi wale walirudi kwenye maandishi ya kale, wakayasoma katika lugha zake, na wakauliza kila neno limetoka wapi na limefikaje pale. Ukiwafundisha wanafunzi kusoma hivyo, umeshawafundisha zama zenyewe.

Kwa hiyo siku ya kwanza sikutaja mwaka wala mji. Niliwagawia barua niliyoitunga mwenyewe, nikawaambia ni ya mwaka 1905, kutoka kwa tajiri mmoja wa Kilwa kwenda kwa nduguye wa Bagamoyo. Ndani yake nilipachika bei kwa shilingi, na mahali fulani nikaandika "nchi yetu ya Tanzania". Walihitaji kama dakika kumi. Wa kwanza aliinua mkono akasema jina la Tanzania ni la mwaka 1964; baadaye kidogo binti mmoja aliyekuwa akipenda historia akasema kwamba wakati wa Wajerumani fedha ilikuwa rupia. Hapo ndipo nilipowaambia habari za Lorenzo Valla, msomi wa Italia, ambaye mwaka 1440 aliichukua hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino wa Roma, ya kumkabidhi Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi ya dola yake, akaonyesha kwamba Kilatini chake hakiwezi kuwa cha karne ya nne. Mojawapo ya ushahidi wake lilikuwa neno "masatrapi", cheo cha Kiajemi ambacho maofisa wa Roma hawakuwa nacho. Darasa lilimwelewa Valla mara moja, kwa sababu walikuwa wametoka kuifanya kazi yake.

Kutoka hapo niliingia moja kwa moja kwenye onyesho la kwanza la *Faustus*. Unakumbuka jinsi daktari yule, yaani msomi wa shahada ya juu, anavyokaa chumbani akivitupa vitabu vyake kimoja kimoja: mantiki ya Aristotle, tiba ya Galen, sheria za Justinian, mwisho Biblia ya Jerome. Anaifungua Biblia na kusoma kwa Kilatini kwamba mshahara wa dhambi ni mauti. Niliisoma sentensi hiyo kwa Kiswahili nikanyamaza, na nusu ya darasa, bila kuombwa, wakaitikia: "bali karama ya Mungu ni uzima wa milele." Halafu kimya. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona yeye hakumalizia?" Hilo ndilo swali la tamthilia nzima. Faustus anasoma nusu ya Warumi 6:23, kisha anasoma 1 Yohana 1:8 na kuiacha aya ya 9 inayoahidi msamaha, na juu ya nusu hizo mbili anajenga uamuzi wa kuiuza nafsi yake kwa Shetani ili apate miaka 24 ya kutimiziwa matakwa yake. Msomi wa chuo kikuu cha Wittenberg anaangamia kwa kusoma vibaya, na hilo linaandikwa katika karne ambayo Erasmus, humanisti wa Uholanzi, alikuwa amekwisha kuchapisha Agano Jipya la Kigiriki, mwaka 1516, ili watu waisome matini kwa ukamilifu wake.

Historia ikiingia kwa mlango huo haimezi kitu. Inaitwa inapohitajika.

Mfasiri wa Zanzibar alijibu:

Nijibu lile uliloliita dogo, kwa sababu kwangu si dogo hata kidogo.

"Mwamko" linatuponza. Aliyeamka alikuwa amelala, na mwanafunzi akilisikia anaandika papo hapo kwamba kabla ya mwaka 1400 Ulaya yote ilikuwa gizani, jambo ambalo ni majigambo ya Petrarca, mshairi wa Italia, na wafuasi wake kuliko ukweli wa historia. Vasari alipoandika juu ya wasanii wa Italia mwaka 1550 alitumia neno la kuzaliwa upya, na kinachozaliwa upya kiliwahi kuishi. Mimi husema "Renesansi" tu, kisha naeleza.

Kuhusu "watu wa utu", hapo ningekusihi uache. Utu wetu ni jambo la mtu na wenzake: ni namna anavyomtazama jirani, mgeni, hata mfungwa. Mahumanisti wa karne ya 15 waliitwa hivyo kwa sababu ya masomo waliyofundisha, nayo ni sarufi, balagha, ushairi, historia na falsafa ya maadili. Mtu angeweza kuwa humanisti hodari na asiwe na utu wa kumpa mwenye kiu maji. Na tena wengi wao walikuwa waumini wa dhati. Thomas More, mwandishi wa *Utopia* ya mwaka 1516, alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kushikilia imani yake. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba humanisti ni mtu aliyemweka binadamu mahali pa Mungu hatamwelewa More kamwe, wala Erasmus rafiki yake.

Mwalimu wa Ushairi, Nakuru, alijibu:

Nakubaliana na Mzee wa Moshi, ila naona wiki nane za tamthilia tupu zitawachosha. Tenga vipindi vitatu kwa soneti, hasa ile ya 130 ya Shakespeare, kwa sababu wanafunzi wetu wana mzani wao wa kuipimia.

Waambie wahesabu mizani. Watakuta kumi kila mshororo, mishororo kumi na minne, vina vya kupishana, na viwili vya mwisho vinavyofanana. Watafurahi kwamba hesabu imetimia, lakini wakisoma kwa sauti watasoma vibaya, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hutua karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na ni nadra kubisha hodi kwingine, ilhali ushairi wa Kiingereza unatembea kwa mkazo. Wapige meza kwa kila mkazo, mara tano kwa mshororo, mpaka mkono uzoee.

Kisha wape kazi ya kuigeuza soneti hiyo kuwa shairi la tarbia lenye ukwapi na utao. Darasa langu lilishindwa mahali pamoja, na kushindwa huko ndiko kulikokuwa somo. Kibwagizo kinakurudisha ulikotoka. Soneti inataka ufike mwisho ugeuke. Mishororo 12 inamkosoa mpenzi: macho yake si jua, marijani ni nyekundu kuliko midomo yake, pumzi yake haishindi manukato, na akitembea anakanyaga ardhi. Mishororo miwili ya mwisho inaapa kwamba hata hivyo ni wa thamani kama yeyote aliyesingiziwa uzuri kwa mifano ya uongo. Hapo wasomee kidogo Petrarca na Laura wake wa nywele za dhahabu, waone nani anachekwa. Mtaulizwa pia kama mwanamke huyo, ambaye nywele zake ni nyaya nyeusi, alikuwa Mwafrika. Msikimbie swali. Matini inapinga mtindo wa kusifu nywele za dhahabu. Zaidi ya hapo haisemi, na mwanafunzi ajifunze kuona mahali matini inaponyamaza.

Msomaji wa Mombasa alijibu:

Nina nyongeza fupi. Mkipata nauli, waleteni Mombasa. Ngome ya Yesu ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na umbo lake lilifuata wazo la Renesansi kwamba uwiano kamili umo katika mwili wa binadamu. Ukitazama ramani yake kutoka juu unaona kama mtu aliyelala chali. Marlowe aliuawa Deptford, karibu na London, mwaka huohuo wa 1593. Wanafunzi wangu walisimama kwenye ukuta wenye mizinga, nikawauliza wazo zuri namna ile kuhusu binadamu linafanyaje kazi ya kulinda utawala wa kigeni, tena katika mji ambao Wareno waliuteketeza mwaka 1505. Sikuwapa jibu. Tuliporudi darasani, ile hotuba ya Hamlet ya kumsifu mwanadamu kama malaika na kisha kumwita vumbi hawakuisoma kama pambo tena. Walikuwa wa kwanza kuniambia kwamba anaisema mbele ya Rosencrantz na Guildenstern, marafiki ambao ameshajua wametumwa na mfalme kumpeleleza, kwa hiyo haifai kunukuliwa kama imani yake bila kutaja wasikilizaji.

Mwalimu wa Kinondoni aliandika:

Ahsanteni sana. Barua bandia nimekwisha kuiandika. Nimeweka na neno "mkuu wa mkoa" ili isiwe rahisi mno. Nina wasiwasi mmoja kwa Mzee wa Moshi: nusu ya wanafunzi wangu ni Waislamu. Ile aya ya Warumi haitawaacha nje?

Mstaafu wa Moshi alijibu:

Nami niliogopa hivyohivyo. Wale walioijua aya waliimalizia kwa mazoea, bila kufikiri. Aliyeeleza Faustus alikuwa amefanya nini hasa ni kijana Mwislamu aliyekaa dirishani. Alisema, "Ni kama mtu asome 'Basi, ole wao wanaosali' akafunga msahafu." Wenzake Waislamu wakacheka, na Wakristo wakataka kuelezwa, naye akawasomea inayofuata, kwamba hao ni wale wanaozipuuza sala zao. Nilikaa kwenye dawati la nyuma nikawaacha waendelee.

Chapisha ukurasa ule mmoja tu wa onyesho la kwanza, na aya zilizoachwa usiziandike popote.