Tupeane uzoefu: fulana yenye maandishi iliyokutia matatani

Mwanzisha mada: Wakuu, habari za jioni. Leo sokoni nimemwona kijana amevaa fulana ya mtumba inayoitangaza timu moja ya Marekani kuwa bingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, ilhali timu hiyo ilifungwa. Ligi ile huchapisha mapema fulana za ubingwa za timu zote mbili, kisha za aliyeshindwa hugawiwa kama msaada katika nchi za mbali, kwa hiyo huku kwetu aliyefungwa naye ana kombe. Ni fulana gani iliwahi kukuweka pabaya?

Bintimwema: Umenikumbusha mbali. Nilizuiwa mlangoni mwa kanisa kwa maandishi ya Kiingereza ambayo mzee wa kanisa aliyaelewa kuliko mimi.

Mchagga Halisi: Yangu ni ya msiba. Alipofariki baba yetu mkubwa, kamati iliamua tuvae fulana nyeupe zenye picha na jina la marehemu. Picha nzuri pekee ilikuwa ya harusi yake, amesimama na mpambe wake, hivyo mchapaji akaelekezwa kwa simu kwamba marehemu ndiye mwenye ua kifuani. Wote wawili walikuwa na ua. Mzigo ulifika usiku, tukagawiwa ndani ya basi gizani, na hakuna aliyezitazama mpaka tulipoteremka Kibosho alfajiri. Wa kwanza kutupokea alikuwa mpambe mwenyewe, mzee wa watu, mzima wa afya, akakuta sura yake ya ujana vifuani mwa ukoo mzima na chini yake "Pumzika kwa Amani". Hakusema neno; aliketi kwenye jiwe, akaomba maji. Shangazi akaamuru tuzigeuze ndani nje, tukazika hivyo, mishono ikionekana na wino ukijitokeza kila jasho lilipotulowanisha.

Bintimwema: Pole sana, ingawa nimecheka. Mzee yu hai?

Mchagga Halisi: Yupo, na moja aliichukua. Huivaa akienda shambani.

Kanga Moko: Ndiyo maana nasema kanga zilitosha misibani.

Mjuaji: Kila zama na vazi lake. Fulana ilikuwa nguo ya ndani ya mabaharia wa jeshi la majini la Marekani, waliogawiwa rasmi mwaka 1913, na leo wagombea urais wanaipandia jukwaani.

Mzalendo: Mbona hamsemi kwamba mitumba ndiyo iliyoua kiwanda cha nguo cha Urafiki? Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019, lakini Rwanda ndiyo iliyosimama imara, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo zake nafuu ya AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru.

Mjuaji: Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kilifuma kanga na vitenge, wakati kitambaa cha fulana husukwa kwa mashine za aina nyingine kabisa. Usimsingizie mtumba kila kifo.

Mzalendo: Na anayevaa fulana ya dola moja atanunua kitenge lini?

Fundi Cherehani: Ushauri wangu ni kutafuta mtu anayejua lugha akusomee kabla hujalipa.

Kanga Moko: Wangu ni kununua isiyo na maandishi.

Bintimwema: Ya kampeni msiivae kabla ya matokeo. Mshindi akishatangazwa, vaeni yake, mdekie ya mwenzake.